Shajara ya mradi: tovuti ya duka la viungo, Marikiti

Mradi wenyewe: tovuti ya duka dogo la viungo lililo kwenye kichochoro nyuma ya soko la Marikiti, Mombasa. Dukani kuna watu watatu na bidhaa 38, nzima na za kusaga. Bajeti ni Sh 20,000 na tovuti inatakiwa iwe inafanya kazi kabla ya Ramadhani, maana huo ndio msimu wa viungo. Shajara inawekwa ili mwenye duka la nguo, karakana au mkahawa aweze kuifuata. Hatua rahisi zimefupishwa. Palipoharibika pameelezwa kwa urefu.

Neno moja kabla ya kuanza. Vitabu vya kompyuta huita "kiungo" kile unachobonyeza kikakupeleka ukurasa mwingine. Kwa duka la viungo hilo ni balaa. Humu ndani kiungo ni iliki na wenzake. Cha kubonyeza ni linki.

Jumatano, 8 Januari 2025: Kuhesabu maswali

Kabla ya kugusa kompyuta, ujumbe wa siku saba wa WhatsApp ya duka ulinakiliwa daftarini na kupangwa kwa aina ya swali. Zaidi ya nusu ni maswali matatu yanayojirudia: bei, mahali, saa za kufungua. "Salaam aleikum kaka, iliki robo ngapi?" huja mara nyingi kwa siku, na jibu hutegemea nani ameshika simu, kwa sababu bei ya iliki hubadilika na bango lililoko Instagram ni la mwezi wa Novemba. Mteja aliyeliona anafika na bei ya zamani mkononi, na kaunta inageuka baraza la usuluhishi.

Hapa ndipo faida ya tovuti ilipoonekana, na haikuwa ile ya "kujulikana dunia nzima". Duka la Marikiti halina haja na dunia. Linachohitaji ni pahali pamoja palipoandikwa bei ya leo, panaporekebishwa na mwenye duka mwenyewe. Bango likishasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp halirudi. Linki ya ukurasa wa bei ikisambazwa, kila anayeifungua anaona bei ya siku hiyo, hata kama aliipata miezi mitatu iliyopita.

Sababu ya pili ni ya tahadhari. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, zote pamoja, kwa kuwa ni za kampuni moja. Biashara iliyoweka bei, picha na oda zake zote humo haikuwa na mlango wa pili. Mitandao inabaki na kazi yake ya mpiga debe, na anaifanya vizuri. Lakini mpiga debe hamiliki gari.

Kurasa zilizoamuliwa ni nne: Bei, Mahali na Saa, Agiza, na Matumizi ya Viungo. Ukurasa wa "Historia yetu" ulipendekezwa ukakataliwa. Katika maswali ya wiki nzima hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 10 Januari: Jina na nafasi kwenye seva

Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, shirika la majina ya tovuti ya Kenya, na hununuliwa kwa wakala waliosajiliwa. Kikoa, yaani jina la tovuti, cha .co.ke kwa mwaka: Sh 1,000 na VAT ya asilimia 16, jumla Sh 1,160.

Jina la kwanza lililopendekezwa lilikuwa na neno "spices" ndani yake. Likajaribiwa kwa simu: watu watano walitajiwa jina mara moja wakaambiwa waliandike. Watatu walikosea, mmoja akiandika "spaisi" na mwingine "spaices". Likabadilishwa likawa la Kiswahili, la silabi tano, lisilo na kistari wala tarakimu. Wote watano waliandika sawa. Jaribio hili halina gharama, na ni afadhali kulifanya kabla ya kulipa.

Kosa: wakala alipoomba barua pepe ya mmiliki, iliwekwa ya fundi. Lilionekana siku hiyo hiyo likarekebishwa, ila lielezwe kwa sababu ndilo linalowapotezea wengi majina yao. Aliyeandikwa kama mmiliki ndiye mwenye jina. Fundi akihama, akigombana na duka au akipoteza simu, duka linabaki kuomba. Jina limesajiliwa kwa mwenye duka, na barua pepe iliyowekwa ni ya nje, isiyo ya kikoa chenyewe. Ukitumia anwani ya kikoa hicho hicho, siku kikiisha muda barua pepe nayo imekufa, na ukumbusho wa kulipa hauna pa kufikia.

Nafasi kwenye seva ya pamoja (kompyuta inayohifadhi tovuti za watu wengi): GB 5, yenye PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) na uwezo wa kuendesha kazi kwa ratiba, Sh 4,200 kwa mwaka. Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, ni cha Let's Encrypt, bure. Hudumu siku 90 na seva hukihuisha yenyewe.

Jumamosi, 25 Januari: WordPress, kujengwa na kubomolewa

Wiki mbili zilikwenda hapa na karibu zote zimepotea. WordPress, programu ya kujengea tovuti, iliwekwa pamoja na programu yake ya duka, na sura ya kulipia (mwonekano uliotengenezwa tayari) ikanunuliwa kwa Sh 7,700 kwa kuwa picha za maonyesho zilipendeza. Hela hizo hazirudi.

Kwanza, uzito. Ukurasa wa mwanzo ulifika MB 4.8, na kivinjari kiliita mafaili 74 kabla ya kutulia. Kwenye simu ya bei nafuu, ndani ya soko lenye mabati juu, bei zilichukua zaidi ya nusu dakika kutokea. Nyaya za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, TEAMS na SEACOM za 2009 na EASSy ya 2010, zinatua hapa hapa Mombasa. Lakini kasi ya waya si kasi ya simu ya mteja, na bando ni la mteja, yeye ndiye anayelipia hizo MB.

Pili, kumbukumbu. Seva ya pamoja iliruhusu PHP MB 128, na programu ya duka ikiwa na viongezi tisa (programu ndogo za kuiongezea kazi) ilizimaliza kila mara picha zilipopakiwa nyingi pamoja. Skrini nyeupe, hakuna maelezo.

Tatu, na hili ndilo lililoamua: WordPress hudai kuhuishwa kila baada ya muda, pamoja na kila kiongezi, na kiongezi kilichoachwa bila kuhuishwa ni dirisha lililoachwa wazi kwa wezi. Dukani hakuna wa kazi hiyo. Kwa duka la bidhaa mia tano zinazohitaji hesabu ya stoo, au lenye kijana wa kompyuta, uamuzi ungekuwa mwingine.

Njia mpya: kurasa tuli za HTML (faili zilizo tayari, zisizoundwa upya kila mteja anapozifungua) zinazotengenezwa na skripti, yaani programu fupi, kutoka kwenye jedwali moja la bei. Ukurasa ule ule sasa ni KB 310 pamoja na picha.

Jumapili, 2 Februari: Picha

Simu ya kawaida, mwanga wa dirisha asubuhi, manila mbili nyeupe za Sh 60. Rangi ndizo zilizosumbua: chini ya taa ya dukani manjano yaligeuka chungwa na iliki ikaonekana kuukuu. Taa ikazimwa kabisa. Ukichanganya mwanga wa taa na wa jua, simu haijui ifuate upi.

Kila picha ilipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP. Kutoka MB 3 hadi wastani wa KB 70, na kwenye ukurasa wa bei hutumika nakala ndogo zaidi. Wakati wa kupunguza, taarifa zilizojificha ndani ya picha zilifutwa. Simu nyingi huandika humo mahali picha ilipopigwa, na baadhi ya hizi zilipigwa nyumbani kwa mtu.

Jumapili, 9 Februari: Jedwali la bei

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la tovuti hii ni jedwali moja la mtandaoni ambalo mwenye duka hulihariri kwa simu yake. Limechapishwa kwa mtindo wa CSV; skripti hulisoma kila saa na kutengeneza ukurasa upya. Bei haziandikwi ndani ya picha kamwe: maandishi yaliyo ndani ya picha Google huyasoma kwa shida, hayatafutiki kirahisi, na hayabadiliki bila fundi.

Makosa matatu hapa, yote ya kujifunzia.

La kwanza: iliki ilitokea kwenye ukurasa ikiuzwa shilingi 1. Mwenye duka aliandika "1,200" kama kila muuzaji anavyoandika. Katika CSV mkato ndio unaotenganisha safu, na skripti yetu ilikuwa ikikata mstari kila inapouona mkato, bila kuangalia kama uko ndani ya alama za kunukuu. Ikasoma 1 kama bei na 200 kama uzito. Sasa inasoma CSV kwa maktaba (msimbo uliotayarishwa na wengine) inayojua kanuni hizo, inaondoa mikato kwenye tarakimu, na inakataa bei yoyote iliyo chini ya Sh 20 au iliyobadilika zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja. Ikikataa, bei ya zamani inabaki na mwenye duka anapata barua pepe.

La pili lilikuwa zito zaidi. Jedwali lilikuwa na safu ya bei ya kununulia, ili kukokotoa faida. Jedwali lililochapishwa husomwa na yeyote mwenye linki. Kwa siku mbili bei za jumla zilikuwa wazi kwa mshindani yeyote ambaye angejua pa kutazama. Bei za kununulia zimehamishiwa kwenye jedwali jingine kabisa, lisilochapishwa. Kuificha safu hakutoshi. Safu iliyofichwa machoni bado inaweza kutoka kwenye CSV.

La tatu ni la lugha. Ukurasa uliandika gramu 250, wateja wakaendelea kuuliza "robo mnayo?" Sasa kila kipimo kimeandikwa kwa namna mbili: robo (g 250), nusu robo (g 125). Majina nayo yamefanyiwa hivyo. Bizari nyembamba kuna wanaoiita uzile na kuna wanaoiita jira. Giligilani kwa wengine ni dania, ingawa dania wengi humaanisha majani. Majina yote yamewekwa kwenye mstari mmoja wa bidhaa, kwa sababu mtu hutafuta kwa jina analolijua yeye. Juu ya msimbo wa kila ukurasa imeandikwa lang="sw", alama ya kukiambia kivinjari kwamba lugha ni Kiswahili; kiolezo tulichoanza nacho kilikuwa na "en", na kivinjari kikawa kinajitolea kumtafsiria Mswahili Kiswahili chake.

Mizani ya dijiti ya gramu, kwa ajili ya vifurushi vya oda: Sh 1,500.

Alhamisi, 13 Februari: Saa na ramani

Kazi ya nusu saa iliyochukua siku mbili.

Daftari la duka lilisema "saa 2 hadi saa 12". Aliyejaza wasifu wa biashara kwenye Google aliandika 02:00 na 12:00. Google haijui saa ya Kiswahili: ikatangaza kwamba duka linafunguliwa usiku wa manane na kufungwa adhuhuri. Mteja aliyetafuta alasiri aliona neno la kufungwa, kwa rangi nyekundu, wakati mlango uko wazi. Sahihi ni 08:00 hadi 18:00. Kwa yeyote anayejaza fomu hizi: ongeza sita kwa saa za mchana, na umwambie mtu mwingine asome kabla ya kuhifadhi. Kwenye tovuti yenyewe saa zimeandikwa kwa Kiswahili, "saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni". Zile za tarakimu ziko kwenye taarifa zinazosomwa na mashine tu.

Ijumaa duka hufungwa saa sita na nusu hadi saa nane kwa ajili ya swala. Google inaruhusu vipindi viwili kwa siku moja, kwa hiyo Ijumaa ina 08:00–12:30 na 14:00–18:00. Saa za Ramadhani zimewekwa kama saa maalumu zenye tarehe, ili zisihitaji kukumbukwa baada ya Idi.

Ramani ilitupeleka mbali zaidi. Mombasa iko kusini ya ikweta, na latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa: kama −4.06, na longitudo 39.67. Alama ya kutoa ilipotea katika kunakili, na duka la Marikiti likatua Ethiopia, ng'ambo ya mpaka, kaskazini mashariki ya Moyale. Iligunduliwa na mteja aliyebonyeza "nielekeze" akaambiwa safari ni ya zaidi ya siku.

Hata alama ikiwa sahihi, kichochoro hakina jina la kueleweka kwenye ramani. Kilichosaidia ni picha tatu za njia: kona ya kuingilia kutoka Barabara ya Digo, mlango wa soko, na mbele ya duka. Picha hizo zina KB 60 kila moja na zimepunguza simu za "niko hapa sokoni, niende wapi?"

Jumanne, 18 Februari: Oda kwa WhatsApp, na suala la Likoni

Hatua ya kwanza ya kuagiza ni rahisi kwa makusudi: mteja anachagua vitu, anabonyeza, WhatsApp inafunguka ikiwa na ujumbe ulioandikwa tayari. Linki ni ya wa.me ikifuatwa na nambari. Mambo mawili huiharibu. Nambari iwe 254 na tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha wala sufuri ya mwanzo. Tuliiandika ikianza na 07 na linki ikafungua ukurasa wa kosa. Na ujumbe usimbwe, yaani alama zake zigeuzwe ziwe za kukubalika kwenye anwani, kabla ya kuwekwa humo: oda ya "Pilau masala & iliki" ilifika ikisema "Pilau masala" tu, kwa kuwa alama ya & hukata kila kilicho nyuma yake.

Gharama ya kupeleka ilikokotolewa kwanza kwa kilomita kutoka dukani. Kwenye karatasi inapendeza. Likoni ikatoka bei moja na mitaa ya kisiwani, maana kwa mstari mnyoofu ni karibu. Ila mstari huo unapita juu ya maji. Kwa boda kuna foleni ya feri kwenda na kurudi, na siku mbaya saa nzima inaisha kivukoni. Mjumbe alirudi kutoka safari ya kwanza akasema haendi tena kwa bei hiyo, na alikuwa na haki.

Kilomita zimetupwa. Sasa kuna orodha ya maeneo kwa majina: kisiwani, Nyali na Kongowea, Bamburi hadi Mtwapa, Changamwe na Mikindani, Likoni. Kwa Likoni mjumbe huvuka kwa miguu, ambako feri haitozi kitu, na kukabidhi mizigo upande wa pili kwa siku tatu za wiki zilizotangazwa. Mizigo ya bara inakwenda kwa basi, na mteja hulipia upokeaji huko huko.

Fomu inaomba jina, simu na mtaa, basi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uombe kile tu unachokihitaji na useme unakitumia kwa nini. Sentensi mbili chini ya fomu zinalieleza hilo, na taarifa za oda hufutwa baada ya siku 90. Kisanduku cha "tarehe ya kuzaliwa" kilichokuja na kiolezo kimeondolewa. Cha nini?

Jumatano, 26 Februari: M-Pesa

Sehemu iliyokula saa nyingi kuliko zote. Kulipia kwa tili (nambari ya M-Pesa ya kulipia dukani) kwa mkono kulikuwapo. Tatizo ni ujumbe bandia wa malipo, unaoonyeshwa kaunta wakati wa msongamano. Mfumo ukipata uthibitisho moja kwa moja kutoka Safaricom kupitia Daraja, mfumo wao wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, hakuna anayehitaji kusoma skrini ya mteja.

Inavyokwenda: tovuti inatuma ombi, simu ya mteja inafungua kidirisha cha nambari ya siri, mteja analipa, na Safaricom inatuma majibu kwenye anwani uliyoitaja. Anwani hiyo lazima iwe ya https.

Yaliyokwama, kwa mpangilio:

Ombi lilikataliwa kwa madai ya utambulisho mbaya, ingawa kila kitu kilifanya kazi kwenye mazingira ya majaribio. Huko majaribioni nambari ni 174379 na aina ya malipo ni ya Paybill (nambari ya kulipia inayoambatana na nambari ya akaunti). Kwa tili aina ni CustomerBuyGoodsOnline, na nambari zinazotakiwa ni mbili tofauti: BusinessShortCode ni nambari ya duka uliyopewa na M-Pesa, na PartyB ndiyo tili iliyobandikwa ukutani. Tuliweka tili sehemu zote mbili. Siku nzima.

Nenosiri la ombi hutengenezwa kwa kuunganisha nambari ya duka, ufunguo na muhuri wa saa (tarehe na saa ya ombi), kisha kusimbwa kwa base64, njia ya kugeuza data kuwa herufi za kawaida. Muhuri huo huo unatumwa pia peke yake. Msimbo wetu uliuzalisha mara mbili, na sekunde ikibadilika katikati, havifanani na ombi linakataliwa. Kosa la mara moja moja, lile linalokufanya ushuku mtandao. Zalisha muhuri mara moja, uuweke, uutumie kote.

Kiasi kiwe namba kamili. Oda ya Sh 437.50 haikukubaliwa, sasa hesabu zinakadiriwa kwenda juu hadi shilingi nzima. Rejeleo la akaunti lisizidi herufi 12.

Na kosa kubwa la siku: toleo la kwanza liliandika oda "imelipwa" mara tu Daraja iliporudisha sifuri. Sifuri ile ya kwanza maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, si kwamba pesa imeingia. Oda ya majaribio iliyofutwa na mteja ilisomeka kuwa imelipwa. Kinachohesabika ni ResultCode inayokuja baadaye kwenye majibu: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amefuta mwenyewe, 1037 simu haikupatikana au muda umeisha. Kila moja sasa ina sentensi yake ya Kiswahili kwenye skrini, badala ya "kosa limetokea" ambayo haimsaidii mtu.

Majibu yenyewe wakati mwingine hayafiki. Kwa hiyo baada ya sekunde 60 bila majibu, tovuti inauliza Daraja hali ya muamala huo. Swali hilo hilo hutumika kuhakikisha majibu yaliyofika ni ya kweli, maana yeyote anayeijua anwani yako anaweza kutuma majibu ya uongo kwayo.

Jumamosi, 1 Machi: Imefunguliwa

Wakati wa ujenzi faili la robots.txt lilikuwa na "Disallow: /" ili Google isisome kurasa ambazo hazijakamilika. Lilisahaulika. Tovuti ilikuwa wazi kwa watu na imefungwa kwa Google kwa siku nne, wiki ya kwanza ya Ramadhani. Lilionekana kwenye Search Console, zana ya Google ya kuonyesha inavyoisoma tovuti yako, ambayo ingefaa kufunguliwa siku ya kwanza ya mradi na si ya mwisho. Limerekebishwa tarehe 5.

Jumatano, 12 Machi: Stika, na barua pepe zilizopotea

Stika 500 zenye msimbo wa QR kwa vifurushi: Sh 2,500. Zilipofika zikajaribiwa kwa simu nne, na mbili zikaonya kwamba tovuti si salama. QR ilibeba anwani yenye www, na cheti kilikuwa cha anwani isiyo nayo. Stika hazikuhitaji kuchapishwa upya: cheti kimetolewa upya kwa majina yote mawili na ya www inaelekezwa kwenye nyingine. Lakini jaribu QR kwenye karatasi ya kawaida kabla ya kulipia chapa, na kwa simu zaidi ya moja.

Barua pepe za kuthibitisha oda zilikuwa zikiishia kwenye taka. Rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, haikuwapo, na DKIM, sahihi inayothibitisha barua, ilikuwa imezimwa kwenye paneli ya seva. Zimewekwa zote mbili, pamoja na DMARC, kanuni ya kushughulikia barua zisizothibitika, kwa kuangalia tu. Tangu hapo zinafika.

Jumamosi, 5 Aprili: Baada ya Idi

Maswali ya WhatsApp yamehesabiwa tena kwa siku saba, kwa daftari lile lile. Yale ya mahali na saa karibu yamekwisha. Ya bei yamepungua lakini hayajaisha, na hayataisha: wengi wanaouliza wameshaiona bei, wanachotaka ni kupunguziwa. Hilo ni mazungumzo, na tovuti haikujengwa kuyaondoa. Jibu la haraka lililohifadhiwa kwenye simu ya duka sasa ni salamu na linki ya ukurasa wa bei. Linampa muuzaji nafasi ya kumhudumia aliye mbele yake.

Jambo lisilotarajiwa: ukurasa unaosomwa zaidi na watu kutoka Google si wa bei, ni ule wa Matumizi ya Viungo, hasa maelezo ya kiasi cha viungo kwa kilo moja ya mchele wa pilau. Uliandikwa kwa haraka, mwisho kabisa. Sasa una linki za kwenda kwenye kila kiungo kilichotajwa na bei yake.

Gharama hadi leo: kikoa 1,160, seva 4,200, sura ya WordPress iliyotupwa 7,700, manila 60, mizani 1,500, stika 2,500, bando za majaribio 1,000. Jumla Sh 18,120. Anayefuata njia hii bila kununua sura atatumia Sh 10,420. Kila mwaka baada ya hapo ni Sh 5,360, kama bei hazitapanda. Saa za kazi hazimo, na zilikuwa nyingi. Kama fundi ni wa kulipwa, mkubaliane bei kabla, na sehemu ya M-Pesa itajwe peke yake.

Jumamosi, 19 Aprili: Nakala na funguo

Nakala ya tovuti nzima inachukuliwa kila Jumapili na kuwekwa nje ya seva, kwenye diski ya dukani. Ilijaribiwa kurudishwa leo: kurasa zilirudi, picha hazikurudi, kwa sababu ratiba ilikuwa inanakili folda moja tu. Imerekebishwa na kujaribiwa tena, dakika 11.

Bahasha iliyo kwenye kasha la pesa ina karatasi moja: wakala wa kikoa, seva, Daraja, jedwali la bei, wasifu wa Google, na nenosiri la kila kimoja. Fundi ana akaunti zake mwenyewe zinazoweza kufungwa bila kugusa za duka.

Kikoa kinaisha 10 Januari 2026. Ukumbusho umewekwa kwenye simu mbili, tarehe 10 Desemba, na kwenye kalenda ya ukutani.